Je, Wajua? Gunia la Kuku na Gramu ya Kobalti

Sogea hapa kwenye benchi, tuanze na gunia. Gunia la kilo 50 la chakula cha kuku wa mayai, ukiliweka mbele ya kuku 100, linakwisha siku ya tano hata jua halijawa kali. Kila kuku anameza gramu 110 hadi 120 kwa siku, na kuku hajui Jumapili!

Sasa piga hesabu ya mwaka mzima. Kuku mmoja anakula kilo 40 na ushee, naye akiwa wa mbegu nzuri anakurudishia mayai 300 hivi. Wewe unadhani unafuga kuku, kumbe unafuga magunia.

Je, wajua kwamba katika kila franga 100 anazotumia mfugaji wa kuku, 60 hadi 70 huishia kwenye chakula? Banda, dawa, maji, vifaranga na mlinzi wa usiku wote wanagombania zilizobaki.

Viwanda vya dunia nzima hutengeneza zaidi ya tani bilioni 1.2 za chakula cha mifugo kwa mwaka. Ukigawa kwa vichwa vya binadamu wote, kila mtu anapata kama kilo 150, mtoto mchanga akiwemo.

Kifaranga wa nyama anatoka kwenye yai akiwa na gramu 40 tu. Wiki 6 baadaye ana kilo 2 na nusu, yaani amejizidisha mara 60! Na kila kilo anayoongeza anaidai kilo 1.6 hadi 1.8 za chakula, hakuna zaidi, ilimradi chakula kiwe kimechanganywa sawasawa.

Nguruwe hapo anataka kilo 3 hivi. Ng'ombe wa kunenepeshwa anataka 6, mara nyingine 8. Na tilapia wa bwawani? Kilo 1 na nusu inamtosha, kwa kuwa samaki hatumii chakula kuupasha mwili wake moto.

Hebu sikiliza hii. Watafiti wa Kanada walifuga kuku wa mbegu ya mwaka 1957 pamoja na kuku wa mbegu ya 2005, wakawapa chakula kilekile kwa siku 56. Wa zamani wakafika gramu 905. Wa sasa wakafika gramu 4,202!

Haya, twende Kolwezi, nchini Kongo (DRC). Mji ulianzishwa 1937 kwa ajili ya shaba, na tangu 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ya pili duniani nyuma ya Chile, lakini treya za mayai bado zinavuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia kuja kulisha watu wa migodi.

Bukari, yaani ugali wa mahindi, nayo ina safari ileile. Zambia ikifunga mpaka wa mahindi, na imewahi kuufunga zaidi ya mara moja, bei ya unga Lubumbashi na Kolwezi inaruka mara moja. Kuku hula mahindi yaleyale unayokula wewe, kwa hiyo mnaumia pamoja.

Je, wajua kwamba kulikuwa na gavana aliyewalazimisha wachimba shaba kulima? Moïse Katumbi, aliyeongoza Katanga (jimbo lililojumuisha Lualaba ya leo) kuanzia 2007 hadi 2015, aliziagiza kampuni za migodi kila moja ilime hekta 500. Wahandisi waliosomea miamba wakaanza kuulizana habari za mbolea.

Wazo la mgodi kulisha watu lilikuwa la zamani. Tangu enzi za Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906, mfanyakazi wa mgodi alipewa posho ya unga pamoja na mshahara. Gécamines iliyorithi migodi hiyo nayo ikaendelea kugawa magunia.

Halafu magunia yakakatika. Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa haufiki hata tani 60,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa waondoke, na familia nyingi zilizozoea gunia la kampuni zikashika jembe.

Unataka kuanzisha ushirika? Kongo iko ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na sheria ya vyama vya ushirika ya OHADA, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inataka watu 5 tu kwa chama kidogo. Wakifika 15 wanaweza kuunda chama chenye bodi. Ukiwa na hisa 1 au hisa 200, kura yako ni moja!

Usishangae ukiuliza Kolwezi habari za koperative na kuelekezwa kwa wachimbaji. Sheria ya madini inamtaka kila mchimbaji wa mkono awe ndani ya ushirika. Wakulima wa mahindi wanashindania neno hilohilo, ofisi za serikali zilezile na vijana walewale.

Hii wengi hawaijui: sheria ya madini ya 2018 inaitaka kila kampuni ya mgodi itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Ni senti 30 kwa kila dola 100. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba mauzo yenyewe huhesabiwa kwa mamilioni ya dola, na kilimo nacho kinaweza kupata mgao.

Mgodi wa Kamoa-Kakula, kilomita 25 hivi magharibi mwa Kolwezi, una mpango wa kuwasaidia majirani zake tangu 2010. Ndani yake kuna mabwawa ya samaki, kuku, mahindi, hata mizinga ya nyuki. Samaki na kuku maana yake ni chakula, na chakula kinataka mtu wa kukisaga.

Kwa nini wanachama wa ushirika wasigawane kazi? Mwaka 1776 Adam Smith aliandika habari za karakana ya pini: kazi imegawanywa hatua kama 18, watu 10 wanatoa pini 48,000 kwa siku. Kila mmoja akifanya peke yake toka mwanzo hadi mwisho, alisema, asingemaliza hata 20!

Chakula cha mifugo kinagawanyika kama pini. Huyu alime mahindi, yule soya, wa tatu akaushe na kukaanga, wa nne asage, wa tano apime na kuchanganya, wa sita auze. Ushirika unaomtaka kila mwanachama afanye yote sita unapata wataalamu sifuri.

Na kalenda je? Lualaba mahindi huvunwa kuanzia Aprili, mvua zinapoaga, na gunia huwa rahisi mpaka katikati ya kiangazi. Kufika Januari na Februari ghala za vijiji ni tupu na bei iko juu. Chama chenye ghala kavu kinanunua Juni kile ambacho mfugaji wa peke yake anakitafuta Januari.

Tega sikio, hii ni ya bure na haitaki mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi moja ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika moja, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Ikianguka chini yote bila kunata, unaweza kufikiria ghala, ingawa kwa kukaa muda mrefu wataalamu wanataka asilimia 13.

Asilimia 2 tu, zina shida gani? Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua, 125 wakafa.

Sumu hiyo iligunduliwa kupitia chakula cha mifugo! Mwaka 1960 Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na madaktari wakauita ugonjwa wa X kwa kukosa jina. Mwishowe kosa likaonekana kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil.

Ng'ombe akila mahindi yenye kuvu, sehemu ya sumu inatoka kwenye maziwa. Kwa hiyo wale wanaotoa mahindi yaliyooza kwenye bukari na kuyatupia ng'ombe wa maziwa, wanayaita yarudi mezani kwa mlango wa nyuma.

Je, wajua kwamba soya mbichi inamdumaza kuku? Ndani yake mna kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na dawa yake ni moto tu. Ikaange mpaka inukie, lakini usiiunguze, kwa sababu soya iliyoungua imepoteza protini bora uliyoilipia.

Soya ina protini asilimia 38 hadi 40. Ikikamuliwa mafuta, mashudu yake yanapanda mpaka 44 na zaidi. Mahindi yana 9 kwa shida, ndiyo maana kuku anayelishwa pumba na mahindi matupu anashiba lakini hatagi.

Sasa toa kalamu, maana hapa ndipo penye uhondo. Wachanganyaji wa chakula duniani kote wana ujanja wa mraba, unaitwa mraba wa Pearson, na unatosha nyuma ya risiti. Unataka chakula cha vifaranga chenye protini 20: andika 20 katikati. Pembe ya juu kushoto andika 9, ya mahindi. Ya chini kushoto andika 44, ya mashudu ya soya. Toa kwa mshazari: 44 toa 20 ni 24, hayo ndiyo mafungu ya mahindi. 20 toa 9 ni 11, hayo ya mashudu.

Jumla mafungu 35. Kwa kilo 100, mahindi kilo 69 na mashudu 31, basi! Kwa kuku wa mayai wanaohitaji 17, mraba uleule unakupa mahindi 77 na mashudu 23, kabla hujaweka chokaa na chumvi. Umeona kilo 8 za mashudu zilivyookolewa? Mashudu ndiyo ghali, na asiyejua mraba anawalisha kuku wakubwa chakula cha watoto.

Chumvi yenyewe ni gramu 300 hadi 500 tu kwa kilo 100. Ukizidisha, kuku wanakunywa maji kupita kiasi na banda linageuka tope.

Kuna kitu kingine kidogo zaidi. Vitamini B12 katika chakula cha kuku ni miligramu 10 hadi 20 kwa tani nzima. Kwa tani! Ndiyo maana fundi mzuri hatupi mchanganyiko wa vitamini moja kwa moja kwenye mashine: anauchanganya kwanza na kilo chache za unga wa mahindi kwenye beseni, kisha ndiyo anaumimina kwenye tani.

Nyundo zilizo ndani ya mashine za kusaga za viwandani hukata hewa kwa zaidi ya mita 80 kwa sekunde, kama kilomita 290 kwa saa. Hazisagi mahindi kwa kuyabana, zinayapiga ngumi mpaka yapite kwenye chekeche.

Kuku hana jino hata moja. Anasagia ndani, kwenye firigisi, kwa vijiwe alivyovimeza. Ng'ombe naye anabeba tumbo la kwanza la lita 100 na zaidi, na mate anayotoa kwa siku yanapita lita 100 pia. Wanyama wawili, vinu viwili tofauti kabisa: huwezi kuwapikia chungu kimoja.

Na usijaribu! Chakula cha kuku mara nyingi hutiwa dawa ya monensini ya kuzuia kuhara damu. Kuku anaistahimili vizuri, lakini punda au farasi akila gunia hilo anaweza kufa moyo ukisimama.

Kondoo je? Adui yake ni shaba. Nguruwe wadogo hulishwa shaba miligramu 100 na zaidi kwa kilo ya chakula ili wakue haraka. Kondoo akizoeshwa chakula hicho, ini lake linaihifadhi kimyakimya kwa wiki nyingi, kisha siku moja linaimwaga yote kwenye damu na anakufa ndani ya siku chache. Kondoo hataki ipite miligramu 15.

Fikiria hilo katika nchi ambayo shaba iko kwenye vumbi la barabara. Mwenye kondoo Kolwezi anatakiwa kuuliza nyasi zimekatwa wapi kabla hajauliza bei.

Lakini malkia wa Kolwezi si shaba. Ni kobalti, na Kongo inatoa kama asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia. Unaijua kwa betri za simu. Je, wajua kwamba ng'ombe hawezi kuishi bila hiyo?

Katikati ya kila chembe ya vitamini B12 kuna chembe moja ya kobalti, imekaa kama jiwe la pete. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo hutengeneza B12 wenyewe, ilimradi nyasi ziwe na kobalti. Dorothy Hodgkin ndiye aliyeonyesha umbo la vitamini hiyo mnamo 1956, akapata tuzo ya Nobel 1964.

Kiasi gani? Miligramu 0.1 kwa kilo ya chakula kikavu. Maana yake gramu 1 ya kobalti inatosha tani 10 za chakula cha ng'ombe, na kilo 1 inatosha tani 10,000!

Sasa itoe simu yako mfukoni. Betri ya simu janja ina gramu 5 hivi za kobalti, nyingine zaidi. Ng'ombe anayekula kilo 10 kavu kwa siku anahitaji miligramu 1, kwa hiyo simu yako ingemtosha ng'ombe mmoja kwa siku 5,000. Ni zaidi ya miaka 13, na ng'ombe wengi hawafiki huko.

Wafugaji wa Nakuru, Kenya, waliwahi kuona ng'ombe wao wakikonda na kufa huku wamesimama kwenye nyasi za magotini. Ugonjwa ukapewa jina la mji, nakuruitisi. Udongo wa Bonde la Ufa pale ulikuwa umekosa kobalti.

Australia na New Zealand waliteseka vilevile, wakadhani ni upungufu wa chuma, kwa sababu mawe ya chuma yaliponya mifugo mahali pengine na mahali pengine hayakuponya. Mwaka 1935 siri ikafichuka: kilichoponya ni uchafu wa kobalti uliokuwa ndani ya mawe hayo. Chuma kilipewa sifa za bure miaka yote.

Baadaye Waaustralia wakabuni risasi ya kobalti. Kondoo anaimeza, nayo kwa uzito wake inatulia tumboni miaka mingi ikiyeyuka kidogo kidogo. Unamlisha mara moja, unasahau.

Kuku na nguruwe usiwape kobalti ukitegemea miujiza. Wao wanataka B12 iliyokwisha kutengenezwa. Hapo tena chakula cha huyu si cha yule.

Na kuna mmea! Haumaniastrum robertii, unaoota kwenye vilima vya madini vya kusini mwa Katanga, umepimwa ukiwa na zaidi ya gramu 10 za kobalti katika kilo ya majani makavu. Kwa karatasi, kilo hiyo moja ingetosha tani 100 za chakula. Kwa tumbo la ng'ombe ni sumu, kwa hiyo tuache kwenye karatasi.

Soya nayo imo. Vile vinundu vya mizizi yake vina bakteria wanaovuta mbolea kutoka hewani, na bakteria hao hawafanyi kazi bila kobalti. Mkulima wa Lualaba, angalau kwa hili, hana haja ya kwenda dukani.

Tugeukie yai. Ganda lake moja lina gramu 2 hivi za kalsi, na kuku anayetaga anataka kula gramu 4 kila siku. Chakula chake kinabeba chokaa mara 4 ya chakula cha kifaranga, na ukikosea ukampa kifaranga chakula cha mama yake, unamharibu figo.

Chokaa iko wapi? Kakontwe, Likasi, kuna machimbo ya mawe ya chokaa ambayo viwanda vya shaba vimeyatumia miaka mingi. Jiwe la aina hiyo likisagwa na kupimwa kwamba ni safi, linakuwa ganda la yai.

Mabaki nayo ni mali. Lubumbashi inapika bia ya Simba tangu miaka ya 1920, na machicha ya bia yakikaushwa yana protini kama asilimia 25. Tatizo ni kwamba yakitoka kiwandani robo tatu ni maji, na baada ya siku chache yananuka. Mwenye nguruwe wa jirani anafaidi, wa Kolwezi, kilomita 300 kutoka hapo, anasafirisha maji.

Maganda ya mihogo tusiyadharau. Kongo ni ya pili duniani kwa mihogo baada ya Nigeria, na Wanaijeria wanajua kugeuza tani 3 za maganda mabichi kuwa tani 1 ya chakula kikavu. Wanakuna, wanakamua, wanakausha, na ile sumu ya mihogo inakwenda na maji.

Na nzi je? Nzi askari mweusi hutaga mayai kama 500, na funza wake, ndani ya wiki 2 za kula takataka za jikoni, wana protini asilimia 40. Kenya iliweka kiwango rasmi cha wadudu wa kulisha mifugo mwaka 2017. Usikunje uso: kuku hajali.

Umeme? Mwaka 1982 ulikamilika waya wa kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga, na unaishia Kolwezi! Wakati ule ulikuwa mrefu kuliko wote duniani wa aina yake. Ulijengwa kwa ajili ya migodi, na vinu vingi vya vijijini bado vinanguruma kwa dizeli.

Hapo ndipo hesabu ya ushirika inapouma. Mashine inayofanya kazi saa 2 kwa siku na inayofanya saa 10 zote zimenunuliwa kwa bei ileile. Wanachama 10 wenye mashine 10 ndogo wana madeni 10.

Twende Githunguri, Kenya. Mwaka 1961 wakulima 31 waliunda ushirika wa maziwa, leo wanachama ni maelfu na wana kiwanda chao. Mwanachama anachukua gunia la chakula kwenye duka la chama bila fedha mkononi, deni linakatwa kwenye maziwa mwisho wa mwezi. Ng'ombe anajilipia!

India walifanya kubwa zaidi. Ushirika wa maziwa wa Kaira, ule wa Amul, uliandikishwa 1946, na mwaka 1964 ukajenga kiwanda cha chakula cha ng'ombe pale Kanjari. Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri akaja kukifungua tarehe 31 Oktoba, lakini katika safari hiyo hakulala hotelini. Alilala kijijini, nyumbani kwa mkulima, akawauliza watu maswali mpaka usiku mwingi.

Alirudi Delhi akiwa na agizo moja: mfano huu uenezwe nchi nzima. Mwaka 1965 bodi ya taifa ya maziwa ikaundwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 India ikawa ya kwanza duniani kwa maziwa. Yote hayo, na safari yenyewe ilikuwa ya kufungua kiwanda cha pumba na mashudu.

Denmark wao walianza 1882 na ushirika wa maziwa wa Hjedding. Baada ya kuondoa mafuta kwa ajili ya siagi, maziwa mepesi yalirudishwa kwa wanachama wakanyweshe nguruwe. Mwaka 1887 wakafungua machinjio ya nguruwe ya ushirika, na Waingereza wakala nyama hiyo kila asubuhi.

Marekani kuna ushirika wa Land O'Lakes, ulioanza na siagi mwaka 1921. Mwaka 2001 uliinunua Purina Mills, moja ya kampuni kubwa za chakula cha mifugo nchini humo. Wakulima wakamnunua muuzaji wao.

Wajapani je? Hawana ardhi ya mahindi ya kutosha, basi shirikisho lao la vyama vya wakulima, Zen-Noh, likajenga ghala la kupakia meli kwenye mto Mississippi, jimbo la Louisiana, katika miaka ya 1980. Mfugaji wa kuku wa Japani ana sehemu yake kwenye gati la Marekani!

Nimeuweka mwisho ushirika mkongwe kuliko huo wote, na uko Katanga. Ni mchwa. Vichuguu vyao kusini mwa Katanga hufika mita 8 kwenda juu, na vinne vilivyopimwa umri karibu na Lubumbashi vilionyesha kimoja chenye zaidi ya miaka 2,000.

Ndani kuna kiwanda cha chakula. Wafanyakazi wazee wanatoka kukata majani na miti mikavu. Vijana wanabaki ndani kuyatafuna na kuyafinyanga kuwa matuta ya uyoga. Uyoga ndio unaosaga kile ambacho tumbo la mchwa haliwezi, kisha wazee wanakula. Kazi imegawanywa kwa umri, na wamekuwa wakilima hivyo kwa miaka kama milioni 30.

Uyoga wa aina hiyo, Termitomyces titanicus, ndio mkubwa kuliko uyoga wote unaoliwa. Kofia yake inaweza kufika mita 1 kwa upana. Mvua zikianza, watu wa Katanga na Zambia wanaung'oa na kuupika, na mmoja unalisha familia nzima, jirani akiwemo.